Jirani kavuka mpaka: maswali ya wasomaji

Safari hii tumekusanya maswali yanayofanana: kiwanja cha jirani kimeuzwa, mwenye kiwanja mpya amekuja na mafundi, na mpaka umeanza kugombaniwa. Majibu yanahusu Tanzania Bara, isipokuwa moja la Kenya. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na mahakama yake ya ardhi, kwa hiyo msomaji wa huko asiyachukue haya kama yalivyo.

Kiwanja chetu kimepimwa na nina hati. Jirani mpya amechimba msingi wa ukuta na kwa macho naona ameingia kwangu kama mita moja. Zege linamwagwa keshokutwa. Nianzie wapi? (Madale, Dar es Salaam)

Anza leo, na anza kwa jirani mwenyewe. Mafundi wanafuata kamba waliyoonyeshwa, ukigombana nao unapoteza siku.

Toa hati na ufungue ramani ya kiwanja iliyoambatishwa ndani yake. Inaonyesha urefu wa kila upande kwa mita, ukubwa wa eneo na namba ya bikoni ya kila kona. Tafuta bikoni mbili za upande unaogombaniwa. Mara nyingi ni kipande cha zege kilicho usawa wa ardhi au kimechomoza kidogo, katikati kina nondo, na namba yake imechorwa kwenye zege kabla halijakauka. Isafishe kwa brashi na maji uisome, kisha uilinganishe na ya kwenye ramani. Zikipatikana zote mbili na namba zikalingana, funga uzi wa fundi kutoka nondo hadi nondo, ukaze. Uzi huo ndio mpaka. Msimame wote wawili mkiuangalia, na kama mjumbe yupo karibu, aitwe.

Ukitaka kuhakikisha kwamba bikoni hazijahamishwa, pima umbali kati yake kwa tepu ya chuma ya mita 30 au 50 na ulinganishe na ramani. Tepu ivutwe mlalo, isilale kwenye mteremko. Ardhi inayoshuka mita 1 kwa kila mita 5 za mlalo inakudanganya: mita 30 ulizopima juu ya udongo ni mita 29.4 tu za kwenye ramani. Hizo ni karibu sentimita 60 za ugomvi ambao haukuwepo.

Angalia pia upana wa mtaro. Ukuta wa tofali la inchi 6 una sentimita 15, lakini mtaro wa msingi wake unaweza kuwa na sentimita 60. Fundi akiupanga mpaka uwe katikati ya mtaro, sentimita 30 za zege zinalala kwako. Akiupanga uso wa nje wa ukuta kwenye mpaka, bado sentimita 22 na zaidi za msingi zinatokeza upande wako. Wengi hukosea hapa bila nia mbaya yoyote, na wakionyeshwa kwenye uzi huelewa. Asipotaka ukuta wa pamoja, ukingo wa mtaro wenyewe ubaki ndani ya kiwanja chake.

Akikataa, piga picha tepu ikiwa imenyooshwa kati ya uzi na ukingo wa mtaro ili tarakimu zisomeke. Andika barua fupi ya malalamiko kwa serikali ya mtaa, nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Siku hiyohiyo nenda idara ya ardhi na ujenzi ya halmashauri uulize kama ana kibali cha ujenzi, na uombe ukaguzi na amri ya kusimamisha kazi. Peleka pia shauri Baraza la Kata, kwa sababu tutakayoieleza chini. Haraka hii ina maana yake: kamba inahamishwa kwa dakika kumi, lakini ukuta uliofika kwenye linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) kila mtu anaogopa kuamuru ubomolewe.

Usifukie mtaro wake wala kung'oa vigingi vyake. Utajikuta polisi ukijibu tuhuma za kuharibu mali kabla hujasikilizwa neno moja kuhusu mpaka.

Bikoni ya kona haionekani. Jirani amekuja na kijana mwenye ramani kwenye simu, wakachomeka vigingi, wakasema huo ndio mpaka. (Mbeya)

Vigingi hivyo havina uzito wowote. Simu, hata mahali pa wazi, hukosea mita 3 hadi 5, na chini ya miti au kando ya ukuta mrefu hukosea zaidi. Unagombania mita moja kwa kifaa kinachokosea mita nne. Mpima hutumia kipokezi kinachorekebishwa na kituo cha pili papo hapo, ambacho hukosea sentimita 2 au 3, au hutumia mashine ya kupima pembe na umbali.

Kuna kosa la pili ambalo wenye simu wengi hawalijui. Ramani nyingi za zamani za upimaji zimetengenezwa kwa mfumo wa koordineti (namba zinazoonyesha mahali) uitwao Arc 1960, ilhali simu inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Ukiingiza namba za mfumo mmoja kwenye mwingine bila kuzibadili, kiwanja kinahama takriban mita 300. Mtu akiona hivyo huanza kuisogeza ramani kwa kidole hadi ilingane na barabara au paa fulani, na hapo kipimo chote kimekwisha.

Kwanza itafuteni bikoni. Kifusi na udongo wa mvua huifunika, kwa hiyo pima kutoka bikoni ya jirani wa pili kwa urefu ulioandikwa kwenye ramani, kisha chimba taratibu kwa jembe eneo la kama mita moja, kina cha sentimita 30 hivi. Msipoipata, agizeni kazi inayoitwa kufufua mipaka. Mpima aliyesajiliwa huchukua ramani ya upimaji iliyoidhinishwa pamoja na koordineti zake, hutafuta angalau bikoni tatu za jirani zisizobishaniwa na mtu, huhakiki kwamba zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe, ndipo huirudisha iliyopotea. Mpima anayefika na kuanza kuchomeka bila kutafuta bikoni za zamani, msimamishe.

Gharama gawaneni nusu kwa nusu, hata kama una uhakika kuwa uko sahihi. Mpima aliyelipwa na upande mmoja, upande wa pili humwita wakili wa mwenzake. Muwepo wote siku ya kazi, na taarifa yake isainiwe na wote pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Bikoni iliyokutwa imeng'olewa isirudishwe na ninyi wenyewe, hata shimo lake likionekana. Kung'oa au kuhamisha bikoni makusudi ni kosa la jinai.

Eneo letu halijapimwa. Mkataba wangu wa 2009 unasema "hatua 20 kwa 25". Jirani aliyenunua mwaka huu anasema hatua zake zinafika kwenye choo changu. (Bagamoyo)

Hatua si kipimo. Ya mtu mfupi ni kama sentimita 70, ya mrefu inakaribia 90, kwa hiyo hatua 20 ni mita 14 kwa mmoja na mita 18 kwa mwingine. Msibishane kwa kutembea tena.

Kwenye ardhi isiyopimwa, kinachobeba uzito ni alama zilizopo na watu waliouona mpaka ukiwekwa. Kilimanjaro watu hupanda masale, Pwani utakuta minyaa, mibono au mstari wa mikonge. Mmea wa mpakani wenye shina nene na visiki vya zamani unaeleza umri wake wenyewe, kwa hiyo usiukate hata ukikukera, na upige picha kila shina. Kisha tafuta aliyekuuzia, aliyemuuzia jirani yako, na mashahidi waliosaini mikataba yote miwili. Muuzaji wa jirani ndiye muhimu kuliko wote, maana mnunuzi hapati zaidi ya alichokuwa nacho muuzaji. Akisema mbele ya mjumbe kwamba choo hakikuwa chake, muandikeni maelezo yake palepale, asaini.

Muda nao uko upande wako. Madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza, na kubadilika kwa mwenye kiwanja hakuanzishi hesabu upya. Choo cha tangu 2009 kilichotumika bila mtu kukilalamikia ni hoja nzito. Tunza chochote chenye tarehe: risiti ya saruji, picha ya msiba au harusi inayokionyesha nyuma.

Baada ya hapo, badilisha hatua ziwe mita. Chora mchoro wenye urefu wa pande zote nne na majina ya majirani wa kila upande, wote wasaini. Na zoezi la urasimishaji (kupima na kutambua rasmi viwanja visivyopimwa) likifika mtaani kwenu, usiache fomu isainiwe na mtu mwingine kwa niaba yako. Saini pale ni kukubali mpaka, na bikoni zikishawekwa na ramani kuidhinishwa, kuubadili ni kazi kubwa.

Mwenyekiti wa mtaa ametusikiliza na "kuhukumu" kwamba jirani ameshinda. Je, nimeshindwa? (Morogoro)

Hapana. Mwenyekiti anaweza kuwapatanisha na kuandika alichokiona, lakini hana mamlaka ya kuamua nani ana haki ya ardhi. Hata Baraza la Kata halitoi tena hukumu. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, kazi yake katika migogoro ya ardhi ni usuluhishi. Ukikuta mtu ana "hukumu" ya kata ya baada ya hapo, isikutishe.

Hata hivyo huwezi kuliruka. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri la ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwa maandishi kwamba usuluhishi umeshindikana. Siku 30 zikipita tangu upeleke shauri bila kusuluhishwa, unaruhusiwa kuendelea bila cheti hicho. Ndiyo maana tunasisitiza upate karatasi yenye muhuri na tarehe ya siku uliyofungua, vinginevyo huna cha kuonyesha kwamba siku 30 zimekwisha. Kijijini kuna pia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba wakiwemo wanawake watatu, nalo hupatanisha.

Ukifika Baraza la Wilaya, mashauri mengi ya mipaka huanguka kwa jambo dogo sana: ardhi haikuelezwa vizuri kwenye maombi. "Kiwanja kilichopo Kihonda" hakitoshi. Andika namba ya kiwanja na kitalu. Kama hakijapimwa, taja mtaa, kata, ukubwa kwa mita, na nani yuko kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Eleza pia kipande chenyewe kinachogombaniwa, kwa mfano ukanda wa mita 1.2 kwa mita 30 upande wa mashariki. Omba baraza litembelee eneo, kwani mgogoro wa mpaka hauonekani vizuri mezani. Kama ujenzi unaendelea, ambatisha maombi ya zuio la muda chini ya hati ya dharura. Usiporidhika na uamuzi, rufaa huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45.

Matawi ya mwembe wa jirani yanaangusha majani kwenye paa langu. (Tanga)

Mwambie ayakate, mpe wiki mbili, na mpelekee mtu wa kupanda juu ya mti kama hana. Maembe yaliyo kwenye tawi ni yake hata likiwa juu ya paa lako. Mizizi inayonyanyua msingi ni jambo zito zaidi: chimba kando ya ukuta, piga picha mzizi ulipogusa zege, kisha ndipo mzungumze.

Nina title deed. Jirani mpya amejenga ua ndani ya shamba langu na wakili ananiambia nisikimbilie kortini. Kwa nini? (Kiambu, Kenya)

Wakili wako amesema kweli. Mashamba mengi Kenya yamesajiliwa kwa mipaka ya jumla, na ile ramani ya usajili inayoitwa RIM huonyesha mpaka kwa makadirio tu. Kupima mstari wa kwenye RIM kwa rula na kuuhamishia shambani ni kosa ambalo limezua kesi nyingi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inaikataza korti kusikiliza mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka haujaamuliwa na msajili wa ardhi. Kwa hiyo andikia msajili wa kaunti yako. Atatoa notisi kwa pande zote, atakuja shambani na mpima wa serikali, na uamuzi wake utaandikwa. Siku hiyo leteni fomu ya mutation (inayoonyesha mgawanyo wa shamba) kama shamba liligawanywa, na wazee wanaojua ua wa kwanza ulipita wapi. Asiyeridhika ndipo huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Tumekubaliana kwamba jirani anilipe fidia, ukuta ubaki. Tunaandikaje? (Dodoma)

Hongereni, lakini karatasi yenu peke yake haihamishi mpaka wa kiwanja kilichopimwa. Hati zote mbili zitaendelea kusoma vilevile, na siku moja wenu akiuza au akikopa benki, ukuta utaonekana uko ndani ya kiwanja kisicho chake. Kinachotakiwa ni upimaji mpya wa upande huo, ramani iidhinishwe, na hati zirekebishwe. Kabla ya kulipana, ulizeni idara ya mipango miji kama kipande kinaweza kumegwa, maana kiwanja kikipungua sana nafasi ya lazima kati ya nyumba na mpaka inapotea.

Wakati mnasubiri, makubaliano yataje urefu na upana wa kipande, kiasi cha fedha, nani analipia upimaji na tarehe ya mwisho ya kuumaliza. Sehemu ya fedha ibaki mkononi mwa jirani hadi hati zitoke. Wenza wenu wasaini pia. Nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kumegwa bila ridhaa ya mwenza, na makubaliano yasiyo na saini yake anaweza kuyapinga hata ukuta ukiwa umepakwa rangi.