Chumba cha Giza: Maswali Yenu na Majibu

*Shikamoo mwalimu. Picha ninazosafisha mwenyewe zinatoka za kijivu tu: nyeusi haikolei, nyeupe ni chafu. Karatasi ni mbovu? (Kijana, Morogoro)*

Marahaba. Karatasi tuiache kwanza. Picha ikianza kukolea upesi kwenye devulopa, ile dawa ya kuitokeza picha, si unaichomoa kwa hofu kwamba itaungua? Wengi hufanya hivyo, na nyeusi yao haifiki. Karatasi ya picha iliyopakwa plastiki inataka dakika moja hadi moja na nusu katika dawa ya nyuzi 20, wala usiipunje. Ikitoka nyeusi mno, punguza mwanga wa enlaja (mashine ya kumulika picha ya filamu kwenye karatasi), si muda wa dawa. Kata kipande cha majaribio, kifunike kwa kadibodi chini ya mwanga wa enlaja, uwe unaisogeza kila baada ya sekunde 5. Kisafishe kwa muda kamili, ukitie kwenye haipo (dawa ya kuifanya picha isiharibiwe na mwanga), halafu ndipo ukitazame kwenye mwanga wa kawaida. Chini ya taa nyekundu picha huonekana imekolea kuliko ilivyo.

Nyeupe ikizidi kuwa chafu, ishuku taa yenyewe. Balbu nyekundu za dukani si zote salama. Angaza karatasi kidogo kwa enlaja, kiasi cha kutoa kijivu hafifu. Weka sarafu juu yake, iache chini ya taa nyekundu dakika 5, kisha isafishe. Duara la sarafu likionekana, mchawi ni taa. Lisipoonekana, haya, ilaumu karatasi. Ikikaa miaka kabatini kwenye joto letu huharibika.

*Maji ya bomba hapa Dar ni ya moto. Niweke barafu kwenye dawa?*

Hapana, utaizimua. Weka trei ndani ya beseni kubwa la maji, na barafu ielee humo ikiwa imefungwa kwenye mfuko. Kwa karatasi, nyuzi chache zikizidi si msiba. Filamu ndiyo haisamehe.

*Siki ya jikoni inafaa kusimamisha devulopa?*

Inafaa, ikiwa nyeupe. Ile ya asilimia 5, kipimo kimoja kwa vitatu vya maji. Harufu utaizoea.

*Nimerithi negativu za babu, kubwa, sentimita 6 kwa 6. Sina enlaja. (Dada, Tanga)*

Huihitaji. Lalisha negativu juu ya karatasi, upande usiong'aa uelekee chini, ugandamize kwa kioo safi. Washa balbu ndogo iliyoning'inia juu, uzime, usafishe. Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, alitoa picha zake nyingi hivyo hivyo, negativu na karatasi zikiwa sentimita 13 kwa 18. Zako zitakuwa ndogo, lakini ukali wake utakushangaza: hata kishikizo cha shati utakihesabia matundu. Jaribu kwanza sekunde moja; picha ikitoka nyeusi mno, pandisha balbu juu zaidi. Vumbi la kioo lifute mapema, maana kila chembe itabaki doa jeupe.