"Ni ya kazi gani?" Swali hilo ni la muuzaji

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwenye duka anapaswa kumweleza mteja nini kabla ya kupokea hela yake? Mimi nina mtumbwi wa dagaa Igombe, hapa Mwanza, na jibu langu limetokana na betri mbili.

Zamani tulivua kwa karabai. Siku hizi ni taa za betri: mtumbwi unatoka jioni, taa zinaelea usiku kucha zikivuta dagaa, asubuhi betri zinarudi kuchajiwa. Hii ni kazi ya giza. Mbalamwezi ikitawala tunapumzika. Mwaka jana, giza likikaribia, nilikwenda mjini na laki tano na nusu nikanunua betri mbili mpya. Kijana wa dukani alizipangusa vumbi, akagusanisha waya zikatoa cheche, akasema, "Mama, hii inawasha hadi fuso." Zile cheche ndizo zilizoniponza.

Giza la kwanza, yaani siku za mwezi zisizo na mbalamwezi, zilifanya kazi vizuri. Giza la tatu taa zikaanza kufifia saa saba usiku, vijana wangu wako ziwani, wavu umeshushwa mara moja tu. Anayetuchajishia betri pale mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, alizigeuza, akanionyesha ubavuni herufi tatu, CCA, na tarakimu pembeni yake. Hicho ni kipimo cha nguvu ya kuwashia injini. Betri ya gari hutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, halafu injini ikishawaka gari lenyewe linaichaji. Sahani za madini ya risasi zilizo ndani yake ni nyembamba. Ukiikamua usiku kucha, siku baada ya siku, inakufa mapema. Ya kufaa taa ni betri ya sola, yenye sahani nene zinazovumilia kukamuliwa. Dukani zote zilikuwa rafu moja, na maandishi yake hayakuwa na neno hata moja la Kiswahili.

Nilirudi nazo. Nikaonyeshwa mstari wa chini wa risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. "Mama, hukusema ni za dagaa."

Kweli, sikusema. Na hapo sheria inaniacha njiani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemjulisha muuzaji kazi ya kitu anachotaka na kuutegemea ujuzi wake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja. Lakini yule kijana hakusema uongo, maana fuso inawaka kweli. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kumenigharimu laki tano na nusu, ambazo sehemu yake ni mkopo wa kikundi ninaoulipa mpaka leo.

Kwa hiyo nasema: "ni ya kazi gani?" liwe swali la muuzaji, kabla hajataja bei. Yeye ndiye anayejua kwamba betri ziko za aina mbili. Mimi nitauliza vipi kuhusu kitu ambacho sijui kama kipo?

Siombi jambo nisilolifanya. Dagaa wangu nawapeleka soko la Kirumba, Mwaloni, na walionyeshewa na mvua kabla hawajakauka nawatenga. Mteja akishika gunia lao namuuliza kwanza: ni ya kula au ya kuku? Akisema ya kula namwonyesha jingine, hata siku ambayo hilo aliloshika ndilo ninalotamani liondoke.