Maswali ya Wasomaji: Mwezi, Mkaa na Barua ya Uhamisho

SWALI: Nafundisha ushairi kidato cha tano. Nimewasomea wanafunzi tafsiri za mashairi ya kale ya China, wakalalamika kuwa ni mwezi, pombe na kuagana tu. Jamii yenyewe iko wapi?
Mwalimu, Ipuli, Tabora

JIBU: Mwalimu, anzia hapo hapo kwenye kuagana. Enzi za utawala wa Tang huko China (618–907) watunzi wengi walikuwa watumishi wa serikali, au walitamani kuwa. Hata mtihani mkubwa wa kuingilia utumishi, jinshi, ulidai utunge shairi. Mtumishi alihamishwa kituo mara kwa mara. Aliyewaudhi wakubwa alitupwa mbali kusini. (Walimu mnazijua barua za uhamisho.) Kwa hiyo soma kichwa kwanza: mara nyingi kinataja anayeondoka na aendako. Kisha tafuta mwaka shairi lilipotungwa. Mshairi Du Fu wa kabla ya uasi wa jenerali An Lushan (755–763) si yule wa baadaye. Mwaka 759 anamwonyesha ofisa akivamia kijiji cha Shihao usiku kukamata watu wa kupeleka vitani. Bibi mmoja, ambaye wanawe wawili kati ya watatu wameshauawa, anajitoa yeye mwenyewe akawapikie askari.

Ila darasani ningeanza na “Mzee Muuza Mkaa” la Bai Juyi (772–846). Mzee amevaa nguo nyepesi, lakini anaomba baridi izidi, maana joto litashusha bei. Mkokoteni wake una zaidi ya nusu tani. Watu wa ikulu wanauchukua na kufunga malipo kichwani mwa ng'ombe: nusu jora la shashi nyekundu na hariri ya mita 3 hivi. Wanafunzi watauliza, mbona analipwa vitambaa? Hariri ilikuwa fedha halali wakati huo. Uonevu uko kwenye kiasi, na kwenye kunyimwa nafasi ya kukataa.

Hapa wengi huteleza: huyo mzee hakuandika lolote. Bai Juyi alikuwa ofisa aliyepewa kazi ya kumkosoa mfalme, hivyo tunasikia aibu ya ofisa, si sauti ya mchoma mkaa. Na mtunzi wa Tang akisema “mfalme wa Han”, shtuka. Utawala wa Han, uliotangulia Tang, ulianguka mwaka 220. Huenda anamsema mfalme wake mwenyewe.

SWALI: Mashairi hayo ya kale ya China yana vina na mizani kama yetu?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Yapo yenye sheria kali. Aina iitwayo lushi ina mishororo 8, kila mmoja silabi 5 au 7, na kina huangukia wa 2, 4, 6 na 8. Mshororo wa silabi 5 hukatika baada ya 2, wa 7 baada ya 4. Ni kama ukwapi na utao, ila vipande havilingani. Mshororo wa 3 sharti uoane na wa 4, na wa 5 na wa 6: nomino kwa nomino, kitenzi kwa kitenzi. Tafsiri nyingi huua hilo kwanza. Kwa msahihishaji wa mtihani, sheria kama hizo zilikuwa neema: kosa lilihesabika.