Tukate Maneno: Wasomaji wanauliza, sisi tunajibu

Karibuni tena wapenzi wa ukurasa huu. Mwezi huu maswali yameingia mengi kuliko nafasi tuliyopewa, mengine kwa SMS, mengine kwa WhatsApp kwa ile sauti ndefu kama misa ya Pasaka, na karibu yote yamezaliwa mu ubishi, mutu amebishana na kaka yake ao na jirani mupaka sauti zikapanda, sasa wanatafuta mwamuzi. Sawa, filimbi tunayo. Maswali tumeyaacha vile mulivyoyaandika, tumetoa tu matusi.

Mimi ni motari, parking yangu iko Birere. Mwenzangu anasema Congo njo inchi kubwa mu Afrika yote, mimi nasema ni Sudan, tulisomaka vile ku primere. Tumeweka kasiya ya bia. Nani analipa?

Ndugu yangu, wote wawili muko inje. Kubwa ni Algeria, kilometa za mraba karibu 2,382,000, halafu Congo inafuata na 2,345,000. Musione ni tofauti ndogo, Rwanda nzima inaingia hapo katikati na nafasi inabaki. Ila mwalimu wako wa primere hakukudanganya: Sudan ilikuwa ya kwanza kweli mupaka tarehe 9 Julai 2011, siku Sudan Kusini ilipopata uhuru wake, ikagawanyika, na sisi tukapanda toka nafasi ya tatu kuja ya pili bila kuongeza hata shamba moja. Hiyo kasiya muinunue nusu kwa nusu.

Nimeolewa hapa Goma, kwetu ni Uvira. Juu ya nini maharagi ya hapa inakulaka makala mingi vile? Kwetu nilikuwa naweka maharagi ku moto naenda kufua, narudi imeiva. Hapa mama mukwe anasema mimi sijue kupika.

Mama, huu ukurasa uukate umupelekee mama mukwe, lakini kwa heshima, akiwa ameshakula.

Kosa kubwa si lako, ni la mahali tunapoishi. Maji yanachemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kushinda hewa inayoyakandamiza toka juu, na hewa ina uzito ingawa hatuusikii. Chini ku bahari uzito huo ni mukubwa, maji yanangoja mupaka digri 100 ndiyo yachemke. Ukipanda, hewa iliyobaki juu yako inapunguka, maji yanapata njia mapema, yanachemka yangali na joto dogo. Uvira iko pembeni ya Tanganyika, ziwa lenyewe liko mita 770 hivi juu ya bahari, kule maji yanachemka ku digri 97 na kitu. Goma tuko karibu mita 1,500, kwetu ni digri 95 hivi. Ukibeba sufuria yako mupaka ku mudomo wa volkano yetu Nyiragongo, mita 3,470, utachemsha ku 88 ao 89, na maharagi utayakula kesho.

Sasa mutu atasema digri mbili ni nini? Kwa kuoga si kitu, kwa haragi ni kitu, juu kulainika kwake kunategemea sana joto la maji yanayomuzunguka. Na hapa njo watu wengi wanatupa pesa: sufuria ikishachemka, ukiongeza makala, ukapepea mupaka cheche ziruke, yale maji hayapandi hata digri moja, yanachemka tu kwa fujo na kukauka haraka, kisha unaongeza maji baridi unaanza tena. Ikishachemka punguza moto, funika vizuri, basi. Loweka usiku kucha, maji ya kulowekea mwaga. Kama iko uwezo, sufuria ya presha inafungia mvuke ndani na joto linafika karibu digri 120, hapo Goma na Uvira zinakuwa sawa.

Ila nisiseme uongo ili nikupendeze, mwinuko hauwezi kubeba lawama yote. Haragi lililokaa mu gunia muda murefu linakuwa gumu, hata ulipikie ku pwani litakusumbua. Muulize yule unayenunua kwake ni la mavuno gani, halafu uangalie uso wake wakati anajibu.

Prof wetu wa hesabu anasema mufupa wa Ishango unaonyesha ni sisi watu wa Kivu tulianzisha matematika. Ni kweli ao ni kujisifu? Mwanafunzi, Himbi.

Mudogo wangu, umegusa kitu ninachokipenda, kwa hiyo vumilia, jibu litakuwa refu.

Ishango ni hapa hapa Nord-Kivu, pale muto Semliki unapotoka mu ziwa Edward, ndani ya parki ya Virunga. Mwaka 1950 Mbeleji mumoja, Jean de Heinzelin, alikuwa anachimba pale akapata mufupa mudogo, urefu wake sentimeta kumi hivi, rangi ya kahawia iliyokolea, ncha yake moja imebanwa kipande cha jiwe la kwarzi, labda la kuchorea ao kukatia. Umri wake unahesabiwa miaka 20,000 hivi. Kilicholeta kelele yote ni alama zilizokatwa ubavuni, mistari midogo midogo, imepangwa mu vikundi, na vikundi vimepangwa mu safu tatu.

Chukua kalamu. Safu moja ina vikundi vya alama 9, 19, 21, 11. Ya pili ina 11, 13, 17, 19. Ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7. Jumlisha ya kwanza, unapata 60. Jumlisha ya pili, 60 tena. Ya tatu 48. Halafu tazama ile ya kwanza vizuri: ni 10 kutoa 1, 20 kutoa 1, 20 na 1, 10 na 1. Ya tatu inaanza na 3 na 6, kisha 4 na 8, kisha 10 na 5, sawa mutu anayefanya mara mbili halafu anarudi kugawa nusu. Na ile ya pili njo imewatoa watu usingizi, juu 11, 13, 17, 19 ni namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, na kati ya 10 na 20 hakuna nyingine zaidi ya hizo ine.

Heinzelin alisema ule ni muchezo wa hesabu. Mumarekani Alexander Marshack alitazama zile alama akasema hapana, ni kalenda, mutu alikuwa anahesabu mwezi. Na kuna wanaosema tulieni, labda ilikatwa ili mukono usiteleze. Mimi kwangu ile ya namba zisizogawanyika naona wameivuta sana, juu ili uzijue lazima kwanza ujue kugawa, na kugawa hatuna alama yake popote mu ile enzi. Lakini 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5 pamoja na zile 60 mbili? Hapo mutu akiniambia ni za kushika tu, nitamuomba anionyeshe mupini mwingine uliokatwa hivyo.

Kuhusu "tulianzisha", mwambie prof kwa upole kwamba kuna mufupa mwingine wa Lebombo, kule mupakani mwa Afrika Kusini na Eswatini, una alama 29 na unaaminika kuwa na miaka zaidi ya 40,000. Kwa hiyo kama ni mbio, Waswazi wametutangulia. Wetu ni wa ajabu zaidi kwa vile umepangwa, lakini wa kwanza si wetu. Na uko Brussels, mu Taasisi ya Kifalme ya Sayansi za Asili. Mutoto aliyezaliwa Ishango akitaka kuuona aombe viza.

Papa yangu anasemaka wachezaji wa Zaïre mu 1974 hawakujua hata sheria za mupira, juu ya ile ya Mwepu. Mimi nakatala. Mutusaidie.

Mwambie papa awaheshimu. Wale vijana walikuwa mabingwa wa Afrika. Mwezi wa tatu mwaka ule ule, Misri, walifika fainali na Zambia, wakatoka 2-2, ikarudiwa wakashinda 2-0, na magoli yote ine alifunga mutu mumoja, Ndaye Mulamba. Jumla alifunga magoli 9 mu ile mashindano na mupaka sasa hakuna aliyefikisha hapo mu CAN moja. Mutu asiyejua sheria anafunga magoli tisa namna gani?

Kule Ujerumani, ku Kombe la Dunia, mambo yaliharibika. Scotland 2-0, hiyo haikuwa aibu. Halafu maneno ya pesa zao yakaingia, roho zikavunjika, Yugoslavia ikawapiga 9-0. Mu ile mechi kuna kituko watu wengi hawakijui: mumoja wetu alimupiga refa teke kwa nyuma, refa akageuka akatoa kadi nyekundu kwa Ndaye, kumbe aliyepiga ni Mwepu Ilunga. Ndaye akatoka bila kosa.

Tarehe 22 Juni 1974, Gelsenkirchen, ni Brazil. Wabrazili wanapanga frikiki, refa anapiga filimbi, Mwepu anachomoka mu ukuta anaupiga mupira mbali kabisa kabla hawajaugusa, dunia nzima ikacheka, na wale watangazaji wa Ulaya wakaanza kufundisha eti Waafrika hawaelewi. Mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba sheria aliijua vizuri, alifanya makusudi kwa hasira, juu wakubwa walikuwa wanakula pesa na wao wanacheza bure. Alipata kadi ya njano, mechi ikaisha 3-0. Mimi namuamini. Beki aliyebeba kombe la Afrika miezi mitatu mbele haamuki asubui amesahau frikiki ni nini.

Sambaza ni samaki ya ziwa Kivu toka zamani za mababu?

Hapana. Ililetwa toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, mu wakati wa Wabeleji, juu Kivu ilikuwa na aina chache za samaki na hakuna samaki aliyekuwa anakula vile vijidudu vidogo vinavyoelea mbali na kando. Ilikaa, ikazaa, sasa usiku unaona taa za ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja na unafikiri iko hapo toka uumbaji. Ndugu zake wako Kariba kule Zambia na Zimbabwe, wanaitwa kapenta, nao walipelekwa mu miaka ya 1960. Kwa hiyo babu ya babu yako hakula sambaza, pole yake.

Nimenunua kiwanja upande wa Lac Vert. Jirani ananikataza kushuka mu bonde asubui, anasema kuna mazuku, mbuzi zake tatu zimekufa. Ni uchawi?

Si uchawi, ila jirani musikilize kabisa, huyo anakupenda. Mazuku ni gesi ya kaboni inayotoka chini ya ardhi yetu ya volkano, haina rangi, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inateremuka inalala mu mashimo na mabonde, hasa usiku na asubui mapema wakati upepo haujaamuka. Mbuzi anakufa mbele yako kwa sababu kichwa chake kiko chini, ndani ya ile gesi, wewe umesimama kichwa chako kiko juu yake, unaona uko muzima. Sasa uiname kumufungua kamba, umeingia mwenyewe. Watoto ni vilevile, urefu wao ni wa mbuzi. Moto wa kiberiti ukizimika bila upepo, toka. Na ukiona mutu ameanguka mule usimufuate mbio, wengi wamekufa kwa huruma. Weka alama, zungushia, usijenge chumba chini ya usawa wa ardhi.

Kwa wale waliouliza kama ziwa Kivu nalo linaweza kufanya vile: gesi hiyo iko na mule chini, nyingi sana, pamoja na metani karibu kilometa za mjazo 60, zimekandamizwa na uzito wa maji. Wenzetu wa Rwanda wanavuta metani kule Kibuye wanafanya umeme megawati 26. Ziwa Nyos la Cameroun lilitapika kaboni yake tarehe 21 Agosti 1986, wakafa watu karibu 1,700 kwa usiku mumoja, na lile ni dogo sana mbele ya Kivu. Ndiyo maana wataalamu hawaliachi macho.

Televizyo ya Kinshasa inasema ni saa 20:00, simu yangu inasema 21:00. Nani anadanganya?

Hakuna. Inchi ina majira mawili. Kinshasa na magharibi wako saa moja nyuma yetu, sisi wa mashariki tuko sawa na Lubumbashi, Kisangani na hata Mbuji-Mayi. Ukipiga simu kwa shemeji Kinshasa saa kumi na mbili asubui akajibu na hasira, kwake ni kumi na moja.