Sisi tulichapwa na hatukufa

SWALI: Shangazi shikamoo. Mwanangu yuko darasa la tano, juzi narudi sokoni namuona anachechemea, kufunua sketi mapaja yana mistari imevimba, kisa kakosa hesabu saba kala fimbo saba. Nataka niende shule ila baba yake anasema namdekeza, eti sisi tulichapwa na hatukufa, hicho mnachokiita ukatili siku hizi zamani kilikuwa malezi. Nani yuko sawa? Mama wa Wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Baba yake hadanganyi, kweli tuliita malezi, na ukirudi nyumbani kusema umechapwa unaongezwa. Jina ndo limebadilika, maumivu yalikuwa hayohayo. Mimi darasa la nne nilichapwa rula kiganjani kwa ajili ya saba mara nane, na mpaka leo na uzee huu muuza duka akinipigia hesabu haraka haraka kiganja kinajikunja chenyewe. Sikufa, ila hesabu nilizikimbia moja kwa moja. Muulize mumeo, taratibu lakini, si kwa kumsuta, nani alimchapa na kwa kosa gani, utashangaa anakumbuka mpaka shati alilovaa mwalimu siku ile.

Na hata sheria haiko pale ilipokuwa. Kanuni zetu za 1979 ziliruhusu viboko sita, 2002 vikashushwa mpaka vinne, tena kwa kosa kubwa la nidhamu, achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa naye ruhusa kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na iandikwe kitabuni. Kukosa hesabu siyo utovu wa nidhamu jamani! Wenzetu Kenya fimbo ya shule waliipiga marufuku tangu 2001, sisi bado tunahesabu ngapi zinatosha, na hilo linaniuma sana.

Kwa hiyo nenda, na baba yake akikubali nendeni wote, mwombeni mwalimu mkuu hicho kitabu cha adhabu mkione kwa macho yenu, bila ugomvi. Wakiwazungusha kuna dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Kama bado anachechemea chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, apelekwe hospitali leo hii, na umpige picha mapaja kabla hamjatoka maana hiyo mistari inafutika upesi.