Ukikuta boneti ya moto, rudi kesho

Gari yangu ya pili niliinunua jioni, na hapo ndo nilipoanza kukosea. Nilifika nikakuta jamaa ameshaiwasha, akaniambia "nilikuwa naiosha kaka, nikaisogeza kidogo kivulini", na mimi kwa akili zangu nikaona nimekutana na muungwana anayemuandalia mteja gari. Injini imetulia kama maji ya mtungi. Nikazunguka nayo, nikapiga resi mara mbili tatu, hamna kitu, nikalipa nikaondoka nayo napiga mluzi.

Asubuhi yake nikaiwasha mwenyewe. Ikatoa krrrrrr, kama mtu anamwaga misumari kwenye debe, sekunde tatu nne hivi, halafu kimya. Nikajipa moyo kwamba labda nimesikia vibaya. Kesho yake tena. Siku ya tatu nikampigia fundi wangu, nikaanza kumuigizia kwa mdomo pale kwenye simu, krrr, hapana fundi, ni kama trrrak, afu inakata, nikamsikia anacheka huko upande wa pili. Akaniambia, "Bosi acha kuimba, niambie inalia lini." Nikamwambia asubuhi tu, nikiwasha mara ya kwanza, nikizima nikawasha tena hailii. Akauliza swali moja tu: siku naenda kuiangalia, boneti ilikuwa ya baridi au ya moto?

Ilikuwa taiming cheni, yaani ule mnyororo ndani ya injini unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Kwenye injini nyingi za cheni kuna kitu kinaitwa tenshena, kazi yake ni kuisukuma cheni ikae imekaza, na zilizo nyingi nguvu yake zinaipata kwenye presha ya oili. Gari ikilala usiku kucha oili nyingi inateremka chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, sasa ukiwasha asubuhi kuna sekunde chache presha bado haijapanda, kama cheni imeshavutika au tenshena imechoka ndo unasikia hiyo cheni inajipigapiga pembeni. Oili ikishafika juu, kimya. Na ukiwasha tena mchana au jioni hausikii kitu kwa sababu oili bado imo mle mle. Kwahiyo yule jamaa, awe alikusudia au hakukusudia, kwa kule "kuisogeza kivulini" alifuta ushahidi pekee uliokuwepo.

Tangu siku hiyo nikienda kuangalia gari ya mtu, iwe yangu au nimemsindikiza ndugu, nampigia muuzaji mapema namuomba asiiwashe kabisa mpaka nifike. Nikifika, kabla salamu hazijaisha kiganja changu kiko kwenye boneti. Ikiwa ya moto sigombani na mtu, wengine wamekuja nayo tu kwa sababu wanakaa mbali, ila naomba nirudi kesho asubuhi. Muuzaji anayekasirika kwa ombi dogo kama hilo ameshanijibu maswali mengi ambayo hata sijauliza.

Kabla ya kuwasha chomoa ile stiki ya oili uangalie kiwango na uzito wake. Uzito ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana kuna ujanja wa zamani sana wa kumwaga oili nzito au zile dawa za kuongezea kwenye oili ili injini inayogonga inyamaze. Halafu weka switchi oni bila kuwasha, angalia dashibodi. Taa ya oili, ya betri na ya cheki injini zote zinatakiwa ziwake hapo, na zizime injini ikishawaka. Kama taa ya oili haijawaka kabisa switchi ikiwa oni usifurahi, kama haijaungua kuna mtu ameitoa au ameiziba, na mtu hazibi taa inayomsifia.

Sasa washa, au bora umwambie mwingine awashe wewe ukiwa umesimama mbele boneti iko wazi. Redio izimwe, AC izimwe. Sikiliza sekunde kumi za kwanza kuliko zote. Afu iache ipate moto, iendeshe nusu saa hivi, urudi usikilize tena mara ya pili, kwa sababu ile oili nzito niliyosema ikishapata moto inakuwa nyepesi na mlio uliofichwa unarudi. Kuna milio ya baridi na kuna milio ya moto, ukisikiliza mara moja tu umesikia nusu ya habari.

Nirudi kwa fundi na swali lake la "lini", kwa sababu ndo kitu kimoja kilichonisaidia kuliko video zote nilizowahi kuangalia. Mlio wenyewe kila mtu anausikia kivyake, mmoja anasema inagonga mwingine anasema inachekecha, ila lini haina ubishi. Inalia ya baridi au ya moto? Ukikanyaga mafuta mlio unaongezeka kasi pamoja na injini, au unabaki vile vile? Inalia ikiwa imesimama, au mpaka itembee? Ikipanda mlima? Ukiachia mafuta? Ukikata kona? Jibu haya tu na umeshatoka kwenye gari nzima umebaki na kona moja ya gari.

Mfano kugonga, maana hili ndo linatisha watu na kweli linatakiwa litishe. Kuna tik-tik nyepesi inayotoka juu ya injini, na kuna dug-dug nzito inayotoka chini. Ya juu mara nyingi ni tapeti, yaani nafasi za valvu zimeachia, au lifta, vile visukumizi vya valvu, hazipati oili vizuri, wakati mwingine ni oili imepungua tu unaongeza inakwisha. Ya chini inaweza kuwa beringi za konrodi, ule mkono unaoshika pistoni na krenkishafti, na hiyo ni injini kufunguliwa yote. Unazitofautisha vipi? Kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, inazunguka nusu ya mwendo wa krenkishafti, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni. Injini inayounguruma bila kukanyagwa, tuseme mizunguko 800 kwa dakika, krenkishafti inazunguka kama mara 13 kwa sekunde, kamshafti haifiki hata 7. Kwahiyo valvu moja iliyolegea inagonga taratibu kuliko mwendo wa injini, sikio likizoea unakaribia kabisa kuihesabu. Ile ya beringi inakwenda haraka zaidi, na ina uzito unaousikia mpaka kwenye nyayo. Mwambie mtu apandishe resi mpaka 2500 hivi ashikilie, afu aachie ghafla. Wakati mshale unashuka, ukisikia dug-dug-dug-dug imetokea hapo katikati, rudisha funguo kwa mwenyewe umshukuru kwa muda wake.

Fundi ana njia ya kuhakikisha, anachomoa soketi ya koili (ile inayopeleka umeme kwenye plagi) moja moja injini ikiwa inaunguruma. Silinda ikikosa moto pistoni haisukumwi kwa nguvu, kwahiyo ukifika kwenye silinda yenye beringi mbovu kugonga kunapungua au kunakwisha kabisa. Hii mwachie yeye, kuna umeme mkali pale, na ikiendeshwa hivyo muda mrefu petroli isiyoungua inakwenda kuharibu masega kwenye ekzosi, yale yanayosafisha moshi.

Cha kufanya mwenyewe ni bisibisi ndefu. Ncha iguse injini, mpini kwenye mfupa wa mbele ya sikio, sikio linakuwa kama la daktari. Mara ya kwanza nilipojaribu nilidhani injini nzima imekufa, kila mahali panapiga kelele! Siri ni kulinganisha. Gusa altaneta, gusa pampu ya maji, gusa kava ya valvu, gusa nozeli (zile zinazorusha mafuta) moja afu ya pili afu ya tatu. Inayolia tofauti na wenzake ndo mgonjwa. Mikono ya shati kunja, kitu chochote kinachoning'inia shingoni vua, na feni iogope hata injini ikiwa imezimwa, zile za umeme huwa zinajiwasha zenyewe gari ikiwa ya moto.

Ila sio kila kelele ni kifo, na hapa watu wanakosa magari mazuri. Injini za petroli zinazorusha mafuta moja kwa moja ndani ya silinda nozeli zake zina tiktiktik ya kudumu, ndo zilivyo. Dizeli kugonga kidogo ikiwa ya baridi ni kawaida yake. Ekzosi ikipasuka au gasketi yake ikitoboka pale inapoungana na injini inatoa tik-tik inayofanana kabisa na tapeti, tofauti yake inakuwa kubwa asubuhi afu inapungua au kwisha injini ikipata moto, maana chuma kinatanuka kinaziba ufa. Tena lile lile swali la lini.

Nilimsindikiza binamu yangu kuangalia gari moja safi sana, ila ukiweka D ukakanyaga breki inatoa kelele ya chuma kama sufuria imeangukia kwenye jiwe, inatetemeka humo mpaka unaona aibu. Binamu ameshaanza kuaga. Nikalala chini nikatafuta fimbo, nikaanza kusukuma kitu kimoja kimoja huko uvunguni mwenzangu akiwa kashikilia breki, nilipofika kwenye lile bati jembamba linalokinga joto la ekzosi nikalikandamiza, kimya. Nikaachia, kelele. Nikakandamiza, kimya. Bati limeoza tundu la bolti, basi. Muuzaji mwenyewe alichuchumaa pale anashangaa, alikuwa ameshashusha bei mara mbili kwa sababu ya bati. Tulilifunga kwa klampu siku ile ile, na binamu mpaka leo anapenda kuihadithia kama vile yeye ndo alilala chini.

Feni belti inayolia chwiii asubuhi, imwagie maji kidogo kwenye meno yake injini ikiwa inawaka, kwa chupa na kwa mbali. Mlio ukikata afu ukarudi, mara nyingi puli moja haiko kwenye mstari na wenzake. Ukizidi, belti inateleza, imelegea au imechoka. Inayolia ukikata sukani mpaka mwisho angalia oili ya sukani kwanza, kama sukani yake sio ya umeme.

Moshi nitaupitia haraka kwa sababu wengi wanaujua. Bluu inakula oili, ukitoka ukiwasha tu ni sili za valvu, ukitoka muda wote ukivuta kwa nguvu ni ringi za pistoni. Mweusi mafuta ni mengi kuliko hewa. Mweupe kidogo asubuhi ni mvuke wa kawaida, ila mweupe mzito usioisha wenye harufu tamutamu ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inaungua ndani, hapo fikiria gasketi ya hedi. Kifuniko cha rejeta kifungue injini ikiwa ya BARIDI tu, naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nina rafiki ana kovu la mkono. Ukikuta kulanti ina mafuta mafuta juu, au inatoa povu mfululizo injini ikiwashwa, hiyo gari imeshawahi kuchemsha au inajiandaa.

Barabarani shusha vioo upite taratibu kando ya ukuta, sauti inagonga ukuta inakurudia na unasikia vitu ambavyo ndani vinamezwa na zulia. Mvumo unaokua na spidi, ukiyumbisha sukani kulia unazidi, mara nyingi ni beringi ya tairi la kushoto maana uzito umehamia huko. Kata kona kali kabisa ukiwa unakanyaga mafuta kidogo, ukisikia ka-ka-ka-ka ni joint ya nje ya ekseli ya mbele. Ukitoa R kwenda D gari ikishtuka kwa kishindo, inaweza kuwa maunti za injini tu, yaani raba zinazoishikilia, inaweza kuwa gia boksi, na kati ya hizo mbili kuna umbali mkubwa sana wa mfuko, usikisie.

Mashine ya kupimia, ile inayosoma kompyuta ya gari, beba, hata ile ndogo ya kuunganisha na simu. Ila usiishie kuangalia kama kuna kodi, yaani zile namba za hitilafu, au hakuna. Kodi zinafutwa kwa dakika moja ukiwa bado uko njiani unakuja. Angalia sehemu inayoonyesha vipimo ambavyo gari inajifanyia yenyewe, kama vingi vinasoma havijakamilika maana yake kumbukumbu imefutwa karibuni au betri ilichomolewa, na hapo muulize mwenye gari afu umwangalie usoni. Na mashine haina masikio, beringi ya konrodi inaweza kugonga mpaka majirani wakatoka nje na kompyuta ikakuandikia hakuna tatizo.

Ile gari yangu ya pili ninayo bado. Cheni, tenshena na ile mikono ya plastiki inayoishikilia cheni vilibadilishwa vyote, plastiki nyingine fundi aliiokota vipande vipande ndani ya sampu akanipangia juu ya gazeti kama mtu anayepanga meno. Na kila asubuhi nikiwasha bado natoa kichwa dirishani nahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndo naondoka.