Sub1 haiisaidii mbegu kuota chini ya maji

Hapana, ndugu. Umeuliza kama mpunga wenye Sub1, sehemu ya urithi inayousaidia kustahimili mafuriko, unaweza kupandwa kwa mbegu moja kwa moja kwenye shamba lililofurika. Jeni yake kuu, Sub1A, iliyotoka kwenye mbegu ya FR13A ya India, huukinga mche uliokwisha kukua: huuzuia usirefuke, utunze nguvu hadi maji yapungue, kwa wiki mbili hivi.

Mbegu inayoota inahitaji kinyume chake kabisa! Kwenye maji yasiyo na oksijeni, mpunga hutanguliza koleoptili, ile ala inayofunika jani la kwanza, huku mzizi ukisubiri. Ala hiyo ikifika juu ya maji huvuta hewa kama mrija. Safari hiyo inategemea sukari, na sukari inatoka kwenye wanga wa mbegu.

Jeni ya kuangalia hapa ni OsTPP7, iliyotambuliwa mwaka 2015 kutoka kwenye mbegu ya asili ya Myanmar, Khao Hlan On. Kimeng'enya chake huibadilisha trehalosi-6-fosfeti kuwa trehalosi, aina ya sukari. Kwa kuwa trehalosi-6-fosfeti ndiyo inayouarifu mmea kwamba sukari ipo ya kutosha, ikipungua chipukizi huona njaa na kuendelea kuvunja wanga, na koleoptili hurefuka haraka. IR64, aina inayojulikana sana, haina jeni hii.

Kwa hiyo ukichagua mbegu ya kupanda hivyo, uliza habari za kuota chini ya maji, usiridhike na jina la Sub1. Bora zaidi ni aina yenye Sub1 na OsTPP7 pamoja, maana mafuriko yanaweza kurudi mche ukishakua.